Gramu Mia Moja na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Siku sita kabla ya mashindano. Kuogelea mita elfu moja mia tisa, baiskeli kilomita tisini, kukimbia kilomita ishirini na moja na ushei. Vyote siku moja, mtu mmoja. Mama mkwe ameniuliza tena leo kama kweli hakuna aliyenilazimisha.

Mwaka jana nilifika mwishoni wakati wanapakia viti kwenye lori. Mwaka huu nina sayansi. Mimi ni mkaguzi wa mizani, mwaka wa kumi na nne kazini. Napita madukani kuhakikisha kilo ni kilo. Na katika muda wote huo sijawahi kuipima baiskeli yangu, kipande kwa kipande. Ajabu iliyoje!

Kwa hiyo nimeazima mizani ndogo ya ofisi, ile nzuri, inayosoma mpaka gramu moja. Kwenye daftari nimeandika "ukaguzi wa nje". Si uongo. Chumba changu cha nyuma kiko nje ya ofisi.

Chumba hicho ndicho kinachogombaniwa. Mke wangu ni mshonaji, na anashonea kwenye meza tunayolia chakula. Juzi nilikuta pini kwenye supu. Anakitaka chumba kwa ajili ya cherehani yake, mimi nakitaka kwa baiskeli. Tumeandikiana: nikimaliza mashindano kabla ya saa tisa na nusu alasiri, saa wanayofunga, chumba kinabaki cha baiskeli. Nikichelewa hata dakika moja, ni cha cherehani moja kwa moja. Mama mkwe ametia sahihi kama shahidi. Alikuwa anatabasamu mno kwa shahidi.

Nimeanza kupima. Pampu: gramu 212. Imetoka! Kengele: 58. Imetoka! Tyubu ya akiba: 104. Hii niliitazama kwa muda. Nimeibeba miaka miwili na haijafanya kazi hata siku moja. Ofisini kwetu mtu wa namna hiyo angeshahamishwa zamani. Nimeitupa kwenye pipa la jikoni.

Mke wangu alikuwa anapita na kitambaa begani. Aliuliza nikipata pancha itakuwaje. Nilimweleza habari ya uwezekano, kwamba kwa miaka miwili pancha ni sifuri, na sifuri mara kilomita tisini ni sifuri. Akasema, haya.

Jumanne, 4 Machi

Najiuliza maswali ambayo sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuyauliza. Kucha za mtu mzima zina uzito gani? Nimekata zote ishirini. Gramu mbili! Nywele za kichwa je? Kinyozi alinitazama vibaya nilipoomba anifungie kwenye bahasha. Gramu 31. Kipara kinaonekana kama yai, lakini ni yai jepesi.

Tatizo ni siti ya baiskeli. Mke wangu alinishonea kava lenye sponji ndani, gramu 86. Nikalivua kwa majaribio na kwenda kilomita ishirini. Chakula cha jioni nimekula nimesimama. Mama mkwe akauliza kama na hilo pia nimelipenda mwenyewe. Kava limerudi. Sayansi ni pamoja na kujua pa kuishia.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa meno wa ghorofa ya juu naye anashiriki. Ana baiskeli nyeusi isiyo na rangi nyingine, na huipandisha ngazi kwa kidole kimoja, akihakikisha nipo. Lazima nijue ina kilo ngapi. Si wivu. Ni kiu ya elimu.

Leo aliiacha mlangoni akiingia kuchukua simu. Nikapanda na mizani ya bafuni. Kilo saba na robo! Yangu, hata bila kengele, ni kumi na moja. Nilikuwa bado nimepiga magoti alipotoka. Nikasema ni ukaguzi wa kawaida wa mtaa. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linalokera. Alisema basi vizuri, kliniki yake ina mizani ya wagonjwa inayosumbua, nipitie nikipata nafasi. Kisha akauliza kama nimebeba tyubu mbili au moja, maana barabara ya ziwani ina miiba. Nikamwambia kila kitu kimezingatiwa.

Miiba? Nimeshuka ngazi nikiwaza jambo moja tu: mwiba una uzito gani?

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nimepima kila kitu kwa mara ya mwisho. Fremu, sawa. Magurudumu, sawa. Kava la siti: 191.

Nikatoa, nikarudisha. 191. Nikapuliza vumbi. 191. Jumanne lilikuwa 86! Kitambaa kile kile, rangi ile ile, mshono ule ule. Tofauti ni gramu 105. Kava haliwezi kunenepa kwa siku tatu. Nilimwita mke wangu aje aone ajabu hii. Alikuja na futi yake shingoni, akaangalia namba, akasema huenda ni unyevu.

Unyevu! Watu wasio wa fani wana maelezo mepesi. Sisi wakaguzi tuna kanuni ya kwanza, tuliyofundishwa siku ya kwanza, nami nimewafundisha wengine: kipimo kikibadilika, shuku mizani kabla ya kushuku mzigo. Nikachukua pakiti ya chumvi ya kilo moja kutoka kabatini. Mizani ikasoma 988. Ushahidi! Kava inaliongezea, chumvi inaipunguzia. Mizani imechanganyikiwa.

Nimeumia kidogo, maana naipenda ile mizani. Lakini kazi ni kazi. Kabla ya saa za kufunga niliirudisha ofisini, nikaibandika stika nyekundu, MBOVU, USITUMIE, na sahihi yangu. Hakuna mkaguzi mwingine ambaye amewahi kuibandika mizani ya ofisi yake mwenyewe. Bosi alikuwa ametoka. Atasoma Jumatatu na kujua ana mtu mwaminifu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa nimelala sakafuni, daftari limeegemea mguu wa meza. Kukaa hakuwezekani. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja kamili asubuhi, ziwani. Watu mia tatu ndani ya maji wakati mmoja. Nilipigwa teke la sikio na mtu ambaye baadaye aliniomba radhi majini, na wote wawili tukameza maji kwa sababu ya adabu. Niliamua kufuata boya la njano. Nikalifuata kwa moyo wote. Nikashangaa kwa nini halikaribii. Kumbe ulikuwa mtumbwi wa waokoaji, nao walikuwa wanasogea pembeni kunipisha! Waliponielewa waligeuka wakanielekeza kwa kasia, bila kucheka, angalau mbele yangu. Nilitoka majini nikiwa na watu sita tu nyuma yangu. Sita! Mwaka jana walikuwa wawili.

Baiskeli. Kilomita hamsini za kwanza, raha tupu. Nilihisi ule wepesi, kila gramu niliyoitupa ilikuwa inanisukuma. Nilipita watu kumi na mmoja, mmoja akiwa amebeba pampu, chupa tatu na kengele. Nilimwonea huruma.

Kilomita ya sitini na moja, psss.

Nilishuka. Mwiba, mrefu kama sindano ya kushonea gunia. Nikasimama nao mkononi. Hata pale, aibu iliyoje, nilijaribu kukisia uzito wake.

Mita mia mbele kulikuwa na kituo cha maji. Nikaikokota baiskeli mpaka pale. Mama mmoja wa makamo, mwenye aproni, alikuwa anakata machungwa. Pampu walikuwa nayo, kubwa, ya kusimamia. Tyubu hawakuwa nayo ya saizi yangu. Mama aliniuliza kwa upole, mwenzangu, na akiba yako iko wapi? Nikasema iko jikoni kwangu, kwenye pipa. Akanipa chungwa.

Nilikaa chini kando ya barabara. Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: niliogopa. Si kwa ajili ya chumba. Niliona lile lori, na watu wakipakia viti huku wakijifanya hawanioni, na mke wangu amesimama peke yake pembeni akiwa ameshika taulo langu. Mwaka jana alisimama hivyo saa nzima na hakuniambia neno.

Nikaweka mkono juu ya siti ili ninyanyuke. Kava likabonyea, kisha likarudi juu. Sponji hairudi hivyo.

Mia moja na tano.

Mia moja na nne ni tyubu. Na moja... moja ni uzi!

Nilipiga kelele mama wa machungwa akaangusha kisu. Tukafumua mshono kwa ncha ya kisu hicho hicho. Ilikuwa humo, chini ya sponji, imekunjwa vizuri kama leso, tyubu yangu niliyoitupa Jumatatu, imefutwa majani ya chai. Tulivua tairi kwa mikono ya vijiko viwili vya kituo. Mama akanishikia gurudumu, mimi nikapiga pampu. Dakika ishirini na sita zilikuwa zimekwenda.

Kukimbia. Sina la kusema juu ya kukimbia. Miguu baada ya kilomita tisini ni ya mtu mwingine, na mtu huyo hapendi kutumwa. Nilijaribu kuchunguza kwa nini paja la kushoto hukaza kabla ya la kulia. Nikafikia kilomita ya kumi na nne bila jibu, kisha nikaacha kuchunguza, na mimi si mtu wa kuacha.

Kilomita moja kabla ya mwisho nilimwona mke wangu barabarani, futi shingoni kama kawaida, alikuwa ametoka nayo bila kujua. Alipaza sauti kwamba zimebaki dakika tisa na kwamba nikitembea sasa hivi atanikata miguu kwa mkasi. Hapo akaanza kukimbia pembeni yangu, na viatu vyake vya kutokea.

Saa tisa na dakika ishirini na nane. Ndani ya muda! Dakika mbili!

Viti vilikuwa bado vimepangwa. Safu nzima, vyeupe. Daktari wa meno, aliyemaliza zamani na kuoga na kula, aliniandalia kimoja na kunipigia makofi, na ninakiri yalikuwa makofi ya kweli. Nilikaa nikalia. Nilitamani kujua machozi yale yalikuwa gramu ngapi, lakini mke wangu alikuwa ameshayafuta kwa taulo.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini. Kama angeniacha bila tyubu, chumba kingekuwa chake. Alisema chumba anakitaka, na bado anakitaka, ila hawezi kunitazama mwaka wa pili nikifika pamoja na lori. Akasema pia kwamba alitaka kuniambia, lakini anajua ningeitoa. Ni kweli ningeitoa. Nampenda sana mwanamke huyu, na sijui hilo nalo lingepimwa kwa mizani gani.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini, kwa kuchechemea. Bosi alinisubiri na mizani, stika nyekundu, na lile sanduku la mawe ya shaba ya kuhakikia mizani, yasiyoshikwa kwa mkono mtupu. Alivaa glavu, akaweka jiwe moja moja mbele yangu. Kilo: 1000. Nusu kilo: 500. Gramu mia: 100. Kisha akaniuliza ni nini hasa kilichoninong'oneza kwamba mizani bora kuliko zote ofisini ni mbovu. Nikasema ni kava la siti na pakiti ya chumvi. Alivua glavu taratibu sana.

Nimebandua stika mwenyewe, kwa kucha ambazo sina. Nyumbani nimegundua kwamba pakiti ile mama mkwe alikuwa ameshachota kijiko cha kuchemshia mayai. Nilimwambia ameiharibu sayansi. Akasema chumvi ni ya kula.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya jambo kubwa. Nimempa mke wangu chumba. Nilikishinda kwa haki, lakini kwa tyubu yake, na dhamiri yangu ina mizani yake. Alinishukuru mpaka akakosa pa kuweka mikono. Kesho anaanza gauni la bibi harusi, lenye mkia wa mita tatu, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Baiskeli imehamia varandani.

Nimeyatafakari mashindano kwa utulivu na nimefikia jibu. Gramu 105 zilikuwa juu ya gurudumu la nyuma. Na ni gurudumu gani lililopata pancha? La nyuma! Bila uzito ule wa ziada mwiba usingezama. Sijamwambia, kwa kuwa alikuwa na nia njema. Nimeshajiandikisha kwa mwaka ujao, na kava nitalishona mwenyewe.

Alipotoka kununua uzi mweupe, nilimsaidia kuhamisha cherehani. Nzito ajabu! Nilisimama nayo kwenye mizani ya bafuni, nikatoa uzito wangu: kilo kumi na sita na nusu. Maskini, miaka yote amekuwa akiinyanyua kutoka mezani kila tukitaka kula. Nikafungua kifuniko cha chini nitazame, kwa udadisi tu. Mle ndani kuna kichuma kidogo, kimepinda, hakigusi chochote, hakifanyi kazi yoyote ninayoiona. Skrubu moja tu, kikatoka. Kinaenea kwenye kiganja.

Namtayarishia jambo la kumshangaza. Kifuniko nimekirudisha vizuri kabisa, na kichuma nimekitupa kwenye pipa la jikoni.