Fisi Maji, Kamera Tatu na Jina Langu

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Leo nimeapa. Nimeapa mbele ya watu, kwa Zainabu muuza chai, kikombe kikiwa bado moto mkononi. Kabla Jumapili haijaisha nitaleta picha ya fisi maji, la sivyo nitafunga mdomo mwaka mzima. Mimi, Kalume! Mwaka mzima!

Lakini yupo. Nimemwona asubuhi kwa macho yangu mawili, pale kijito kinapoingia ziwani, chini ya kinu chetu cha mawese hapa Kizuka. Nilikuwa naosha mapipa. Akatoka majini, mwembamba, wa kahawia, mkia mnene, masharubu tele. Akapanda juu ya jiwe na samaki wake, akamshika kwa mikono kama mtu, akamla kuanzia kichwani. Akanitazama. Akaenda zake.

Nikakimbia kuwaeleza watu kwa Zainabu. Wamecheka hadi wameshika mbavu. Wakanikumbusha yule kiboko aliyenisalimia. Wakanikumbusha sokwe mwenye kofia. Sawa, yale niliyatia chumvi, sikatai. Lakini huyu ni wa kweli! Mara moja katika maisha yangu nasema kweli tupu, na hakuna hata mmoja wa kuniamini.

Mbaya wao ni Mwalimu Leonidasi. Amekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi, ukikosea neno anakurekebisha kabla hujamaliza. Ana picha za ndege alizopiga mwenyewe, amezibandika ukutani darasani, basi anajiona ndiye mwenye wanyama wote wa ziwa hili. Amesema nilichoona ni gogo. Gogo! Gogo linakula samaki? Akasema nikileta picha, atasimama mbele ya wote aseme amekosea. Ndipo nikaapa.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Sharifa. Hakucheka. Aliendelea kukata sabuni zake, vipande sawasawa, akasema tutaona. Tutaona! Miaka kumi na miwili ya ndoa! Imeniuma kuliko vicheko vyote vya kwa Zainabu. Hao wengine wacheke wanavyotaka. Yeye nataka aniamini.

Kasoro moja ndogo: sina kamera. Simu yangu ni ya tochi.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Mpango umekaa vizuri sana. Ayubu, yule mwenye duka la vitu vilivyotumika karibu na soko la Rumonge, ameletewa kamera tatu na boti la Kigoma. Nikamwambia mteja makini hanunui bila kujaribu. Akasema watu wanajaribu viatu, si kamera. Nikamwambia basi jina la duka lake litavuma mpaka Bujumbura siku picha yangu itakapojulikana. Akafikiri. Akakubali: kamera moja kila siku, na baiskeli yangu ibaki dukani. Garanti, akasema. Nimemzidi akili!

Nilichaguaje? Ayubu alinieleza habari za megapikseli. Sikuelewa kitu, nikatikisa kichwa kama aliyeelewa. Nikachukua ile yenye namba kubwa kuliko zote. Ndogo, ya fedha, inaingia mfukoni. Nani anataka kubeba mzigo?

Nikatembea kwa miguu mpaka Kizuka. Nikakamua pipa moja la mawese, nikamwachia mwenzangu mashine, nikashuka mbio ziwani bila hata kuvua aproni. Saa nne akaja, mfalme wangu! Nikapiga picha kumi na moja mfululizo, moyo unadunda.

Jioni nikamwonyesha Sharifa. Ukungu. Ukungu mtupu, na katikati kidoa cha kahawia kidogo kuliko punje ya maharagwe. Sharifa akageuza kamera huku na huku, akauliza kwa upole kama hilo ndilo gogo.

Kamera mbovu. Namba kubwa, jicho bovu. Kesho nachukua kubwa.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Hii ndiyo kamera! Nyeusi, nzito kama mtoto wa miaka miwili, lenzi ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Nimepita nayo sokoni ikining'inia shingoni. Watu ambao hawajawahi kunisalimia wameniita shefu, yaani mkubwa. Mama mmoja akaniuliza kama napiga harusi. Nikamwambia nimejaa mpaka Ramadhani.

Nikakutana na Leonidasi. Akaniuliza kama najua kuondoa kifuniko cha lenzi. Nikacheka sana kumwonyesha kwamba swali ni la kitoto. Alipopinda kona nikakitafuta, nikakiondoa.

Kinuni kazi ilikuwa nyingi, nimechelewa kushuka. Nikajifunika majani ya mchikichi, nikalala kifudifudi kwenye matope. Siafu wakaniona kabla ya fisi maji. Nikavumilia. Akaja, jiwe lilelile! Nikabonyeza. Loo, kelele yake! Tra-tra-tra-tra, kama cherehani ya fundi aliyekasirika. Fisi maji akaruka majini. Yangeyange wote waliokuwa kijitoni wakaruka. Hata mama aliyekuwa akifua upande wa pili akaokota nguo zake, akaondoka.

Nimepata picha nne. Ukungu tena! Mzito kuliko wa jana, na una rangi ya manjano. Kamera ya pili mbovu! Naanza kumshuku Ayubu. Sharifa hakuuliza kitu leo, na hilo ni baya zaidi.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Kamera ya tatu ni ya katikati, si kubwa si ndogo, lenzi inatoka yenyewe ukibonyeza. Ayubu anasema inavuta mara arobaini, na unaweza kuizima sauti. Nikaijaribu nikiwa mlangoni mwa kinu. Jamani! Nimeona mpaka ng'ambo ya ghuba, nyumbani kwa Leonidasi, anaanika suruali yake. Ile ya Jumapili, ya mikunjo. Ina viraka vitatu nyuma! Nikaipangusa lenzi ing'ae, nikaipiga picha kwa mbali, kwa karibu, upande, wima. Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu akasimamisha mashine akauliza kama naumwa.

Nikashuka ziwani. Fisi maji akaja, na leo amekaa kama aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Nikainua kamera. Imezimika. Betri yote imekwisha kwenye suruali ya mwalimu.

Nikarudi nyumbani kuchaji, umeme hakuna. Uliporudi kidogo nikaangalia zile picha za viraka, nijifariji japo kwa hizo. Ukungu! Viraka havionekani hata kimoja!

Kamera tatu, ukungu mmoja. Sasa nimeelewa. Zimeingia ukungu wa ziwani zikiwa ndani ya boti, na Ayubu anajua. Kesho atanijua mimi ni nani.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya swala nikaenda dukani kwa Ayubu. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti, watu wakajaa. Nikasema kuna wafanyabiashara wanaouza vitu vilivyokunywa ukungu. Nikasema mteja mnyonge ana haki zake. Nilisema vizuri, wallahi, kuna mzee alinipigia makofi.

Ayubu akaichukua ile ya tatu mkononi mwangu. Akazipanga kamera zote tatu mezani, akazielekeza kwenye mwanga. Kwenye kila lenzi, katikati kabisa, kuna dole gumba. Zima, na mistari yake yote, la rangi ya mawese. Akanishika mkono, akauinua mbele ya watu, akawaonyesha dole gumba langu. Akawasalimia kwa Kirundi, amahoro, ndugu zangu, ukungu iko hapa.

Walivyocheka! Yule mzee wa makofi ndiye aliyecheka zaidi. Na nani alikuwa anapita njia? Leonidasi, bila shaka. Hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaniambia ni vyema kunawa. Bora angecheka.

Nimetembea mpaka nyumbani nikitazama chini. Nikamweleza Sharifa yote kama yalivyokuwa, siafu, suruali, dole gumba, sikuongeza hata punje. Leo amecheka. Amecheka mpaka amekaa chini, machozi yanamtoka. Halafu akajifuta macho, akasema basi kuna kitu nilikuwa napiga picha, maana hakuna mtu anayelalia siafu kwa ajili ya gogo. Akasema Jumatatu hakucheka kwa sababu alitaka sana iwe kweli, na amechoka kuulizwa sokoni mume wake ameota nini leo.

Sikuwa najua kwamba wanamuuliza. Macho yakaniwasha, nikasingizia soda kali ya kupikia sabuni. Nampenda sana mwanamke huyu. Nimechosha jina langu, na yeye ndiye anayetembea nalo sokoni.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Sharifa amekwenda kwa Ayubu mwenyewe, asubuhi na mapema. Akamuuliza mambo matatu tu. Ipi inafika mbali? Ipi inanyamaza? Betri inakaa muda gani, na kuna ya pili? Akachukua ile ya tatu na betri mbili. Wamepatana kwa sabuni, Ayubu ataziuza dukani. Akanirudishia na baiskeli. Siku nne mimi sikuuliza hata moja kati ya hayo, lakini ni kwa sababu nilikuwa naangalia mambo makubwa.

Nikanyoosha mkono niipokee. Akaniambia nikanawe. Nikanawa. Akanusa vidole vyangu, akabaki na kamera.

Basi mpango nikaupanga mimi. Nikaweka samaki juu ya jiwe, chambo. Mimi nikae juu kidogo, nitazame upande wa kaskazini, maana siku zote anatokea kaskazini. Nikimwona napiga mluzi, Sharifa anabonyeza. Sharifa akasema sawa, nikae hukohuko. Nikakaa. Saa mbili nzima nimekodoa macho kaskazini, mkono juu ya paji la uso kama askari. Jua likanichoma. Hakuna kitu. Nikageuka kumwambia turudi, nikakuta ameshaiweka kamera kwenye mfuko wake, anatabasamu.

Alitokea kusini.

Yarabi, ile picha! Fisi maji amekaa juu ya jiwe, amelowa, anang'aa, kila unywele wa masharubu umesimama peke yake. Anakula chambo changu. Unaweza kuhesabu magamba ya samaki. Na nyuma yake, hatua tano hivi, mimi. Mgongo huu hapa. Mkono pajini. Natazama kaskazini.

Nikamuuliza kama naweza kukatwa pichani. Akasema nikikatwa, watu watajuaje nani alimwona kwanza. Nimeitazama mara thelathini leo. Kila mara nafurahi, kisha naona mgongo wangu, kisha nafurahi tena.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Kwa Zainabu kumejaa, hata watu wa huko Muhuta wamekuja. Sharifa amekuja pia, amevaa vitenge vyake vya sikukuu, na yeye haji pale hata kwa dawa. Akaamuru kila mtu afute mikono kabla ya kushika. Kamera ikazunguka. Walicheka mgongo wangu, ndiyo. Kisha wakaacha kucheka, wakamtazama yule mnyama. Zainabu akasema haki ya Mungu, ana vidole.

Leonidasi aliitazama muda mrefu kuliko wote. Akasimama. Akasema amekosea, akalisema kwa Kiswahili kizuri mpaka likasikika kama yeye ndiye aliyeshinda. Akamuuliza Sharifa kwa sauti ya chini saa ngapi, upande gani wa kijito. Kumbe miaka mitatu amekuwa akimtafuta mnyama huyu, hajapata kumwona. Nilimhurumia. Kidogo.

Halafu wakaanza kusema. Kalume alisema kweli. Kalume alimwona. Zainabu akanimiminia chai ambayo sikuagiza, na Sharifa akanitazama kama alivyokuwa akinitazama mwaka ule tulipooana. Nilijihisi mrefu. Nikasema moyoni, Kalume, hivi ndivyo mtu mwenye jina anavyokaa kwenye kiti. Usiliguse tena.

Ndipo mmoja wa wale wa Muhuta akauliza, kwa heshima kabisa, kama nimemwona huyo mmoja tu.

Nilitakiwa kusema ndiyo. Neno dogo! Lakini walikuwa wameniegemea wote, na kwa mara ya kwanza kila mmoja alikuwa tayari kuamini chochote. Nikasema wapo saba. Wakashusha pumzi. Nikasema na mmoja wao ni mweupe.

Leonidasi akaweka kikombe chini. Mweupe? Nikamwambia mweupe kama unga wa muhogo. Akasema angependa kuona picha. Nikamwambia Jumapili ijayo. Nimeapa.

Tatizo, ukilifikiria vizuri, ni kamera. Hii ya Sharifa inapiga juu ya maji tu, na huyu mweupe, kwa aibu yake, atakuwa anakaa chini. Ayubu anatarajia nyingine inayozama kabisa. Nitampelekea baiskeli kesho, kabla Sharifa hajaamka.

Njiani kurudi Sharifa ameniuliza kama kweli yupo huyo mweupe. Alinishika mkono alipouliza. Nikamwambia yupo. Na kadiri ninavyoandika haya ndivyo ninavyozidi kumkumbuka vizuri, mpaka masharubu yake.