Jinsi Valence Alivyochuchumaa kwa Ajili ya Ukoko wa Pilau

Tegeni masikio, enyi mlalao vitanda vya juu na enyi mlalao vya chini, enyi mliopata nyama na enyi mlioambulia mchuzi! Acheni ndoo zenu bombani mje, kwa maana nawasimulia habari za Valence wa Madaba, mfupi wa kimo, mrefu wa subira, simba asiyenguruma, aliyechuchumaa mbele ya umati wa Songea na asinyanyuke.

Ilikuwa Siku ya Wageni. Tangu alfajiri sufuria kuu ilikuwa jikoni ikipika pilau, na chini kabisa ya pilau ile, gizani, mbali na macho ya wanadamu, ukoko ulikuwa unajiumba: mwekundu, mkavu, wenye mafuta, unaolia katikati ya meno. Na mkuu wa shule, Mwalimu Rupert, alikuwa ametoa tamko kwamba ukoko huo wote utakuwa mali ya darasa litakaloonyesha Kiingereza safi mbele ya wazazi. Urafiki wa miaka umevunjika shuleni kwetu kwa ukoko mdogo kuliko huo.

Sasa mjue kwamba Kidato cha Pili A tulikuwa na jemadari, Madam Dorine, aliyehamia kwetu kutoka Moshi na ambaye hakuuamini ubao. Yeye sentensi aliijenga kwa watu. Alitutundikia maneno vifuani, akatupanga mstari, ikasomeka: "We have swept the hall, fetched water and cooked rice." Remmy, mwenye mabega kama kabati la nguo, ndiye aliyekuwa "have".

"Wewe ni kitenzi kisaidizi," Madam alimwambia siku ya mazoezi, "na uko peke yako. Hawa watatu wenye vitenzi wanakutegemea wewe."

"Wote watatu, Madam? Mbona Kiswahili tunasema tumefagia, tumechota, tumepika? Kila mtu na 'tume' yake."

"Kiingereza mnachangia."

"Kama sabuni bwenini," alisema Remmy, akaupokea mzigo wake.

Wale watatu wakaamriwa kuvaa soksi za namna moja, ili hata mzazi asiyejua kusoma aone kwamba vitenzi vinafanana; na aliyekuja na "fetching" kifuani alirudishwa akabadili, kama askari aliyekuja gwarideni na kandambili. Na baada ya "hall", pale msomaji anapovuta pumzi, ukawekwa mkato. Mkato huo alikuwa Valence. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa, kupinda mgongo na kunyamaza, kwa kuwa mkato hausomwi. Akinyanyuka au akitoa sauti kabla ya "rice", sentensi imevunjika, na ukoko unakwenda kwa B.

Jumanne, bingwa wa hao B, akapita mbele yetu akicheka hadi fizi.

"Yaani Valence, darasa zima limekosa kazi ya kukupa?"

"Mimi nachuchumaa, nitashiba," akajibu shujaa. "Wewe simama na njaa yako."

Basi siku yenyewe, tukiwa tumejipanga uwanjani mbele ya wazazi, Mwalimu Rupert akaanza kutukagua neno kwa neno, mikono mgongoni, taratibu, kama mgeni rasmi mbele ya kikosi. Na miguu ya Valence ikaanza kufa ganzi. Ndipo kutoka viti vya wazazi ikapanda sauti iliyotikisa maturubai:

"Valence! Amefanya nini mtoto wangu?"

Alikuwa Bibi Fausta, mama wa mama yake na mlezi wake, aliyetoka Madaba kabla jogoo hajawika, na kikapu cha karanga mkononi. Na nani angemlaumu? Katika nchi yetu, mwanafunzi akichuchumaa mbele ya watu na wenzake wamesimama, jina lake ni moja tu: adhabu. Bibi akaukata uwanja katikati, na maneno ya sentensi yakatetemeka.

"Tumsifu Yesu Kristo," akamwambia Madam Dorine, kwa sauti ya kutangaza vita.

"Milele amina. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ameiba?"

"Hapana, bibi. Yeye ni mkato."

"Awe mkato, awe nini, magoti ni ya binadamu hayo! Valence, inuka. Valence! Hunisalimii?"

Oneni sasa mtihani uliomfika shujaa! Upande huu ukoko wa darasa zima. Upande ule bibi aliyemfundisha kwamba mkubwa hapiti bila kuamkiwa. Shikamoo ikapanda kifuani, ikafika kooni, ikagonga meno kama mtu aliyefungiwa ndani. Valence akameza. Akainamisha kichwa chini zaidi, mpaka kidevu kikagusa goti, na hiyo ndiyo salamu pekee aliyoweza kuitoa.

"Wamemtisha hata kusema," akalia Bibi Fausta. Akatandika kitenge vumbini, akaketi ubavuni mwake, akapakata kikapu. "Kama ni adhabu, tutaimaliza wote."

"Mkuu!" Jumanne akapaza sauti. "Sentensi yao imeongezeka bibi!"

Mwalimu Rupert akatazama, akatafakari. "Haya, njoo umtoe."

Jumanne akamtazama bibi. Bibi akamtazama Jumanne.

"Nilikuwa natania tu, Mkuu."

"Someni," akasema Mwalimu Rupert.

Tukasoma kwa sauti ya radi. Tulipofika kwa Valence tukavuta pumzi, na uwanja mzima ukanyamaza, isipokuwa karanga moja iliyovunjika mkononi mwa bibi. Tukaendelea, maji yakachotwa, wali ukapikwa. Na "rice" ilipotoka tu, Valence akaruka, miguu ikamkataa, akaanguka mapajani kwa bibi yake akipiga ukelele uliowatoa wapishi jikoni:

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, baba. Kumbe ulimi unao."

Mwalimu Rupert akatutangaza washindi, nasi tukambeba Valence juujuu hadi bwaloni, kwa heshima, na pia kwa sababu hakuweza kutembea. Kipande cha kwanza cha ukoko akampa Bibi Fausta. Bibi akakigeuza, akakitazama.

"Hiki ndicho ulichoninyamazia?"

"Ndiyo, bibi."

Akatafuna muda mrefu, na sisi Kidato cha Pili A tukasimama tukingoja hukumu.

"Nipe kingine," akasema.

Basi na ijulikane hapa mtaani kwetu Bombambili, na ijulikane Madaba, na kila kidato kijacho kiambiwe: siku ile mashujaa wengi walisimama, na ukoko ukaletwa na aliyechuchumaa.