Namna ya Kufufua Shina Kuukuu

Jumatatu, 8 Juni 1998

Watiri ameenda Kagio asubuhi. Binti yetu Wanjugu amejifungua mvulana, na mama lazima akampikie uji. Mimi sasa ni guka, babu wa mtu. Ningefurahi, lakini kabla ya kuondoka mke wangu alihamishia blanketi zake chumba cha wasichana. Akasema akirudi Jumamosi na bado ninampa mgongo, atahamia huko kabisa, na huyo mwanamke wangu wa siri nimlete waziwazi. Mwanamke gani? Nguvu zenyewe ziko wapi? Tangu Krismasi mambo yamelala kabisa. Heri aniite mzinzi kuliko ajue.

Jioni, bahati! Gazeti lililofungiwa nyama linasema huko ng'ambo wataalamu wanatafuta njia ya kufanya mwili uliochoka uchipue upya. Wanatafuta! Sisi wa kahawa tumeshajua. Shina likizeeka unakata, unalisha, unafunika, unasubiri. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakatoka jikoni.

Jumanne, 9 Juni

Mpango umekamilika. Kukata: nilikatwa nikiwa kijana, alfajiri, kwa baridi kali, na sikulia. Hatua hiyo imepita. Kufunika: soksi ya sufu aliyonifumia Watiri. Kulisha: mbolea ya majani, ile ya maji ya kunyunyizia.

Bomba langu la kunyunyizia limepasuka. Ikabidi nimwombe jirani, Theuri. Huyu ananizidi umri na mkewe ana mimba tena, basi anatembea kifua mbele kama jogoo. Akauliza nanyunyizia mashina mangapi. Nikasema moja. Akasema shina moja halihitaji bomba zima. Nikamwambia hajaliona.

Jumatano, 10 Juni

Nimeingia katikati ya kahawa, nikashusha suruali, nikapiga bomba. Baridi ya Mlima Kenya yote ilinishukia mahali pamoja. Halafu mwasho. Halafu nikatazama chini.

Buluu.

Theuri hakuosha bomba! Alikuwa amenyunyizia dawa ya shaba, ile ya kuzuia kutu ya majani. Nikavuta suruali na kumkuta amesimama uani. Akauliza kama shina limeitikia. Nikasema linafikiria.

Alhamisi, 11 Juni

Sabuni ya mche, ndimu, majivu. Bado buluu. Soksi nayo buluu. Kukaa siwezi.

Jumamosi, 13 Juni

Watiri amerudi mapema. Kitu cha kwanza kuona: soksi mbili kwenye kamba, moja nyeupe, moja buluu. Akauliza. Nikasema nilikuwa nanyunyizia kahawa. Akauliza ni kwa mguu gani.

Akanifuata chumbani nikibadilisha suruali, nami nikazunguka kila alipozunguka. Akasema, "Baba Wanjugu, geuka." Nikageuka.

Akakaa kitandani polepole. Kisha akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu harusi ya Wanjugu, na moyo wangu ulilainika nikamweleza yote, tangu Krismasi. Akapangusa machozi. "Ati mimi nalia Kagio juu ya mwanamke, kumbe ni kahawa."

Akasema nakunywa maji kama ndama na chai yangu ni sukari tupu. Muuguzi wa Kagio amemwambia mume wa namna hiyo apimwe sukari haraka, hiyo ndiyo huwalaza wanaume wengi. Jumatatu twende hospitali, atanishika mkono. Kisha akarudisha blanketi zake. Tulicheka hata taa ilipozimwa, kama watu waliooana jana. Na tukicheka hivyo, bila mtu kungoja wala kulazimisha, mambo yaliyolala yakaamka. Mengine siandiki.

Jumapili, 14 Juni

Kanisani nimeimba sauti zote nne. Watiri ameuliza kama kesho avae koti lake la kuendea hospitali. Nimesema tutaona.

Baada ya ibada Theuri alininong'oneza kwamba Marekani wametoa kidonge cha wanaume, kinaamsha hata wazee. Nikauliza rangi. Akasema buluu.

Buluu! Wameniibia. Mimi nilitangulia, hapa hapa kwenye kahawa yangu, na dawa imeshafanya kazi. Sasa hospitali ya nini? Nimemwambia Watiri kesho nina shughuli shambani. Ametazama pembeni, hakucheka.

Atacheka tena. Nimemwomba Theuri bomba lake, na nimemsihi sana asilioshe.