Hoja ya Kibanda cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Keshokutwa natoa hoja yangu ya kwanza bungeni! Naomba manispaa isivunje vibanda vya soko Jumatatu ijayo. Kimoja ni cha mama. Cherehani iliyomo humo ndiyo iliyonisomesha sheria. Mama kaniuliza kama hotuba iko tayari. Nikamjibu kwamba wakili wa miaka kumi na minane kazini haandiki hotuba. Kisha nikashinda kwa kinyozi.

Jumatano, 5 Machi
Aibu! Ripoti ya manispaa kuhusu vibanda sikuifungua hata ukurasa. Spika akaniita. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, mdomo ukaenda wenyewe. Nikaomba shauri liahirishwe, kwa kuwa faili limenifikia kwa kuchelewa. Ndivyo nilivyowaomba mahakimu miaka yote! Spika akauliza kama nina hakika. Nikainama, nikashukuru. Imeahirishwa hadi Juni. Mbunge wa kiti cha jirani yangu, daktari wa meno, alicheka mpaka miwani ikamwanguka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaambia waandishi wa habari kuwa ule ni mkakati. Wakauliza mkakati gani. Nikasema ni siri. Mama alisikiliza yote redioni. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba lazima nilikuwa na sababu, maana mimi ndiye niliyesoma. Afadhali angenizaba kibao.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa mkurugenzi wa manispaa, kubembeleza. Akasema bila azimio la bunge mikono yake imefungwa. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba hata yeye alikuwa akiisubiri hoja yangu. Masikio yaliniwaka moto. Nikatoka bila kuaga.

Jumatatu, 10 Machi
Tingatinga lilifika saa mbili asubuhi. Mama alikuwa ameshafungasha nyuzi na vitambaa. Akapapasa bega la suti yangu mpya, akauliza nani kaishona. Nikamtaja fundi wa mjini. Akasema mshono umevutwa, atanirekebishia akipata pa kukaa. Nikajitwika cherehani nikilia mbele za watu. Nililia kweli, sikuigiza.

Jioni msaidizi wangu kaleta picha: mimi, cherehani begani, machozi mashavuni. Nimetoka vizuri mno! Nimeagiza mabango elfu mbili kwa uchaguzi ujao. Ila amkate mama pembeni, ameinamisha uso.