Hoteli Yangu na Mlima wa Mbololo

Jumatatu, 9 Juni

Valentine, msanii wa kutoka Werugha, yuko hapa Voi. Anaomba watu wachore kwa kumbukumbu barabara yetu ya sokoni, vile macho yao huiona. Kisha ataunganisha yote kwenye ukuta wa ukumbi. Nimechungulia michoro. Kila mtu amechora mwavuli mwekundu wa Kasiva, anayeuza chai ng'ambo ya barabara. Mwavuli wenyewe umetoboka! Wamechora mlima. Wamechora hata mbuzi wa Kasiva. Hoteli yangu, hakuna. Na chai yote ya tangawizi niliyowanywesha! Ee Mungu, unaona?

Jumatano, 11 Juni

Nimeomba, nimejibiwa: rangi. Lazima niingie kwenye ule ukuta. Dishon, mume wangu, alisema hoteli niipake nyekundu tu nimalize. Nimwige Kasiva? Hapana. Ukutani mbele ya hoteli nimechora Mbololo, mlima ulio nyuma yake, na mawingu yake, na nyasi mpaka chini. Mlango pia. Nilivuka barabara nikatazama, machozi yakanitoka. Uumbaji mtupu!

Ijumaa, 13 Juni

Wateja hakuna. Mzee Ndambuki, ambaye hakosi chai yangu, amenipigia simu kuuliza nimehamia wapi. Alikuwa amesimama mlangoni. Kasiva akavuka, mpole kama malaika: "Mama Branice, dada yangu, uwe unakohoa tujue uko wapi." Nimemsamehe. Kiasi. Mbuzi wake alishinda akilamba nyasi za ukutani kwangu. Angalau mmoja anaelewa sanaa.

Jumapili, 15 Juni

Nilimsihi mchungaji anitaje kwenye matangazo ya kanisa. Akanitaja. Alisema ukifika kwa mwavuli wa Kasiva, geuka, kisha upapase. Waumini wakaitika amina. Kasiva aliitika mara mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Ukuta umefunuliwa. Mwavuli upo. Mbuzi yupo, amenenepeshwa. Nikamuuliza Valentine mimi niko wapi. Kwa heshima zote akaniwekea kidole katikati ya mlima. "Uko hapa, mama. Nimekuchora vile watu wanakuona."

Nilikodoa macho mpaka yakauma. Mlima tu.

Dishon amerudia ile hadithi yake ya nyekundu. Mwanamume mwema, lakini maono hana. Mimi nimefunga na kuomba, nikaonyeshwa kosa liko wapi. Si hoteli. Ni mlima, unafanana nami mno. Kopo kubwa la nyekundu ninalo. Kesho asubuhi, Bwana akipenda, naupanda na brashi.