Nitakuwa Ofisa, Wapende Wasipende

Jumatatu, 9 Machi

Wiki ya tisa katika chuo hiki cha maofisa. Zimebaki tano. Nimeanzisha daftari hili kwa sababu nikiendelea kumeza hasira nitapasuka, na hapa kupasuka bila ruhusa ni kosa.

Leo ukaguzi wa bweni. Kila kadeti anatakiwa atandike kitanda mpaka shuka likaze kama ngozi ya ngoma. Wenzangu huamka alfajiri kuhangaika na kona. Mimi? Nilitandika tangu Jumamosi, nikalishonea blanketi kwenye godoro kwa uzi wa viatu, pande zote nne, nikawa nalala sakafuni. Siku mbili juu ya saruji. Shingo imegoma kugeuka kushoto. Lakini kitanda! Unaona haya hata kukisogelea.

Akaingia Sajini, mkufunzi wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya watu sita. Akapita vitanda vyote, akasimama kwenye changu. Akatabasamu. Nikajua nimekwisha. Akashika ncha ya blanketi, akavuta. Blanketi likaja na shuka, shuka likaja na godoro, godoro likaja na soksi zangu chafu za wiki nzima.

Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, nimefanya nini. Nikamfafanulia kwamba kanuni inasema blanketi likazwe, haisemi likazwe kwa kutumia nini. Akasema, “Wakili, godoro ukishalishonea nguo, umelioa. Mtoe mwenzio matembezi.” Wakili ni jina alilonibandika yeye, eti kila kosa langu lina utetezi.

Nikazunguka uwanja wa gwaride mara nne, godoro kichwani, nikilitambulisha kwa kila ninayekutana naye: huyu ni mke wangu. Mkuu wa chuo akapita. Akatutakia maisha marefu.

Kisa cha yote ni Pasi. Analala kitanda cha jirani. Tunamwita Pasi kwa sababu mkunjo wa suruali yake unaweza kukata mkate. Kabla ya kuja hapa alikuwa mpima ardhi, na kila kitu chake kimenyooka, hata mswaki. Sajini aliamuru bweni zima likiangalie kitanda chake lijifunze. Pasi hakunicheka. Alinisaidia kufumua uzi, akasema taratibu kwamba ningemwambia mapema angenionyesha namna ya kukunja kona. Nani kamwuliza? Anayekucheka unaweza kumchukia kwa raha zako. Anayekuhurumia anakunyima hata hiyo.

Jumanne, 10 Machi

Barua kutoka kwa Mjomba. Huyu ni kaka yake Mama, aliyestaafu jeshi akiwa koplo baada ya miaka ishirini na miwili. Ukurasa mzima wa ushauri! Usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho. Usijitolee kabla hujajua kazi yenyewe. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Soksi za akiba zifunge kwenye nailoni. Na ukikosea, sema “Nimekosa, Afande,” halafu funga mdomo.

Koplo anamfundisha ofisa mtarajiwa! Miaka ishirini na miwili kaambulia mistari miwili mkononi, leo kageuka profesa. Nimeikunja barua hiyo, nikaiweka chini ya mguu wa kabati unaoyumba. Kabati limetulia. Angalau huko imefaa.

Ila hilo la kutokuwa wa kwanza wala wa mwisho lina harufu ya akili. Nimelitolea mpango.

Chini kabisa Mama ameongeza mistari yake. Gauni la siku ya kuhitimu limeshashonwa, na mtaa mzima sasa unamwita Mama Afande. Nimesoma sehemu hiyo mara tatu. Haikunikasirisha. Au niseme ilinikasirisha kidogo tu, maana mwanamke huyo hajui kusubiri.

Jumatano, 11 Machi

Mbio. Mizunguko miwili, kilomita sita kila mmoja, na shanta mgongoni. Mpango wangu: namaliza mzunguko wa kwanza na wenzangu, najibanza nyuma ya tangi la maji, kundi likirudi nachomoka na kuingia katikati. Si wa kwanza, si wa mwisho.

Kivuli cha lile tangi ni kizuri mno. Nikapitiwa na usingizi. Kuja kushtuka, nasikia buti. Nikachomoka mbio bila kutazama nyuma, kumbe nimetokea mbele ya kundi lote. Mbele ya Pasi! Kusimama siwezi, kurudi nyuma siwezi. Nikamaliza wa kwanza.

Wenzangu wakafika wameloa chapachapa. Sajini akaja, akanipapasa mgongo. Mkavu kama chaki. Akauliza jasho langu liko wapi.

Nikajibu, “Katika ukoo wetu, Afande, jasho hutokea kwa ndani.”

Akautazama mkono wake mkavu. Kisha akasema, “Basi leo tulitoe nje, tulione.”

Tulilitoa mpaka saa saba mchana. Kuruka kichura, kutambaa, kulibeba gogo, kulirudisha, kulibeba tena kwa sababu nililirudisha kwa dharau. Dharau gani? Gogo ni gogo!

Kadeti tunayemwita Muuguzi aliniletea maji yenye chumvi na sukari. Alifanya kazi wodini miaka kumi kabla ya kuomba nafasi hapa. Umri wake wa kujiunga unakoma Juni, kwa hiyo kozi hii ndiyo nafasi yake ya kwanza na ya mwisho. Ndiye pekee katika seksheni yetu ninayemheshimu. Akasema wagonjwa wa kujisingizia amewaona wengi, lakini hajapata kuona mtu anayefanya kazi ngumu namna hii ili akwepe kazi. Nilitaka kumjibu. Nilitapika.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwa mtunza ghala, maana huyo ndiye mwenye makosa.

Leo ilikuwa zamu yangu kuongoza seksheni. Watu wanane, ramani moja, dira moja, milima. Vibao vitano vyeupe vimechomekwa huko porini, kila kimoja kina namba, tuvipate vyote kabla ya saa kumi jioni. Mimi nilishajipanga. Jioni tatu nilimfagilia mtunza ghala rafu zake, naye akanipa ramani ya kozi iliyopita yenye vibao vyote vimewekewa alama. Nikazinakili kwenye ramani yangu. Wengine wahesabu nyuzi za dira, mimi natembea.

Kibao cha kwanza: tukakuta shimo. Nikawaambia kimeibwa. Cha pili: shimo jingine. Pasi, aliyekuwa msaidizi wangu, akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vibao huhamishwa kila kozi, na kwa nyuzi tulizopewa leo mto ungekuwa kushoto kwetu, si kulia. Nikamwambia akapime viwanja, hapa anaongoza mwenye zamu. Akasema sawa. Hiyo sawa yake iliniwasha kuliko upupu.

Muda ukawa unakimbia. Nikaamua tukate kupitia korongo. Pasi akasema udongo wake ni wa kumeguka, tuzunguke kwa juu, dakika arobaini tu. Nikasema, “Anayeogopa abaki.”

Hakubaki mtu. Katikati ya mteremko udongo ukameguka chini ya mguu wa Muuguzi.

Hakupiga kelele. Alikaa, akavua buti, akaupapasa mguu wake mwenyewe kama anayempapasa mgonjwa wa mtu mwingine. Akasema haujavunjika. Halafu ndipo akalia. Akasema wakimwondoa leo, hana kozi nyingine ya kurudia. Watu saba tulisimama pale, hakuna aliyejua mikono aiweke wapi.

Pasi alinitazama. Alichukua shanta la Muuguzi akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akatuonyesha njia ya kutokea. Sisi wengine tulipokezana kumbeba Muuguzi mgongoni. Mimi nilimbeba zamu mbili. Si kwamba nilijisikia vibaya. Nilikuwa karibu, basi.

Kambini Kapteni, mkuu wa kozi yetu, akatupanga mstari. Nani aliyechagua korongo? Nilikuwa na utetezi tayari. Hoja nne, ya tatu nzuri sana. Kabla sijafungua mdomo, Pasi akapiga hatua mbele. Akasema yeye ndiye msaidizi, aliijua hatari, alipaswa kunizuia na hakunizuia. Lawama aandikiwe yeye. Kapteni akaandika.

Masikio yaliniwaka moto. Hata lawama yangu ameiba! Kaniacha nimesimama na hoja nne, hakuna wa kuzisikiliza. Na ile ramani ya wizi, aliyoiona kwa macho yake, hakuitaja kabisa. Ni mtu wa namna gani huyu? Nimejilaza nimegeukia ukutani ili nisimwone. Anakunja shati.

Jumamosi, 14 Machi

Habari ya kwanza: Muuguzi anabaki. Daktari kampa siku kumi za mapumziko, halafu anaendelea na kozi. Nilipoambiwa nilikaa chini kidogo. Joto la leo ni kali.

Habari ya pili: leo tunapimana. Kila kadeti anawapanga wenzake saba wa seksheni, kuanzia anayefaa zaidi kuwa ofisa mpaka asiyefaa, na kila mmoja anamwandikia sababu. Kapteni anazisoma karatasi hizo kuliko mitihani.

Hapa ndipo akili inapohitajika. Nilimfuata mmoja mmoja. Huyu kwenye foleni ya chakula, yule kwenye karo la kufulia, mwingine akinyoa ndevu. Kila mmoja nilimwahidi kumweka wa kwanza, yeye aniweke wa pili tu. Wa pili! Sikuwa na tamaa. Niliwaahidi sita. Pasi sikumwomba, nina heshima yangu.

Nani angejua kwamba leo hao sita wamepangwa pamoja kuosha masufuria? Muuguzi naye aliletewa kiti, akawa anakausha. Kicheko chao nilikisikia kutoka uwanja wa gwaride.

Jumatatu, 16 Machi

Niliitwa kwa Kapteni. Meza tupu, karatasi saba.

Sita zimeniweka wa mwisho. Sita! Moja imeandika sababu kuwa mwombaji alijieleza mwenyewe kwa kina. Ya saba imeniweka wa nne. Kapteni akaisoma kwa sauti: alimbeba majeruhi zamu mbili bila kuambiwa; ndani yake yumo ofisa, ila Wakili amekaa mlangoni hataki kumpisha.

Hakunitajia mwandishi. Hakukuwa na haja. Niliiona karatasi kwa mbali, maandishi yamenyooka kama yamepigwa rula.

Wa nne! Mtu anakusifu vile halafu anakuweka wa nne! Angeninyamazia tu.

Kisha Kapteni akatoa hukumu. Mtunza ghala amekiri habari ya ramani. Lawama ya Pasi imefutwa, imerudishwa kwa mwenyewe. Sifukuzwi, lakini narudi wiki ya kwanza na kozi inayofuata. Wiki kumi na nne, upya. Akauliza kama nina neno.

Nilikuwa nalo. Nilizungumza dakika ishirini. Hoja ya tatu niliirudia. Nilipomaliza alikuwa ameshasaini.

Jioni nikampigia Mama simu. Nikamwambia wakuu wameniomba nibaki, niwasaidie wapya, kwa hiyo sherehe imesogea mbele kidogo. Akafurahi. Akasema gauni halina haraka, tena atapata nafasi ya kulibana kiunoni. Halafu nikasikia mtu anaongea pembeni. Akaniambia Mjomba yupo hapo, ananisalimu, anasema hata yeye aliwahi kuombwa kubaki. Mara mbili.

Nilikata simu. Familia nzima ni wapelelezi.

Jumatatu, 23 Machi

Wapya wameingia. Thelathini na wawili, wamesimama mlangoni na mabegi yao kama kuku wa kuletwa sokoni. Bweni jipya, kitanda kipya, mimi nimeshafika.

Asubuhi Pasi alikuja kuniaga. Aliniambia kitu kimoja tu: safari hii nifanye kazi yenyewe, ni nyepesi kuliko mipango yangu. Akanipa mkono. Nilimpa wangu, kwa adabu tu. Maskini, hana akili ya kuona mbali. Atafika cheo gani kwa kutoka jasho?

Maana tazama kilichotokea mchana. Mmoja wa wapya aliziona buti zangu zilivyochakaa, akaniuliza kwa woga kama mimi ni mkufunzi. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikamwita karibu, nikamnong’oneza kwamba mimi ni kapteni, nimewekwa bwenini kisiri niwachunguze, na asimwambie mtu.

Kabla ya chakula cha jioni wote thelathini na wawili walikuwa wanajua. Sahani yangu imeletwa kitandani. Buti zimepigwa rangi. Nikikohoa, bweni linasimama. Wawili wamechukua kalamu wakaniomba ushauri, nikawapa wa kutosha, mwingine nimeutunga papo hapo.

Mkufunzi wao ni sajini kutoka kikosi kingine, anaripoti kesho. Hanijui kwa sura wala kwa jina. Na wapya wamekubaliana wenyewe kwamba kesho nikitokea kwenye gwaride, wote wanipigie saluti mbele yake, ili aone kozi hii ina adabu.

Sikuwakataza. Saluti iliyotoka moyoni, kuikataa ni utovu wa nidhamu.