Futi Tano Amzunguka Mama Mkwe

Habari iliyofika kijiweni Jumapili asubuhi ilikuwa nzito kuliko kahawa yenyewe. Futi Tano, fundi cherehani wetu, amekwenda kwa mama mkwe wake, akaizunguka nyumba kwa pikipiki, kisha akarudi zake bila kushuka. Wembe, kinyozi mwenye kibaraza tunachokalia, aliisikia kwa mteja, na mteja aliisikia kwa jirani wa bibi mwenyewe.

"Mwenyewe huyo anakuja," akasema Mkurugenzi, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuajiriwa na mtu.

Kwanza ulikuja mngurumo. Pikipiki yake si hizi za kubebea abiria. Ni lile dude la kuvukia majangwa, lenye masanduku ubavuni na kiti kinachomfika Futi Tano kifuani. Akalisogeza taratibu hadi ukingo wa kibaraza, akaweka mguu, akapumua. Ukingo huo na ule wa duka lake ndipo mahali pawili tu duniani anapoweza kusimama. Kwingine kote mguu hauioni ardhi, na dude likianza kulala halisikii la mtu.

Muuzaji alimshauri aanze na ndogo, akamjibu kwamba hakwenda kununua ushauri. Alitaka, alituambia siku ile, kufika mahali pasipo na ndugu wala mkwe wa kumletea suruali ya kushonewa bure.

"Mama wa watu alikukosea nini?" akauliza Wembe.

"Hajanikosea. Nimefika, ua wote tambarare, hakuna hata jiwe. Mama kakaa mkekani na majirani zake. Sasa nikianguka pale na dude langu, nitaitwa mkwe tena?"

Kwa hiyo akazunguka, akitafuta pa kuegemea. Mzunguko wa kwanza akatoa shikamoo, akaitikiwa na kukaribishwa. Wa pili akashukuru kwa kukaribishwa. Baada ya hapo adabu ikamlazimu aendelee: kila akichomoza upande wa pili wa nyumba anaongeza salamu moja, mara afya, mara mvua, mara kuku, mpaka salamu zikamwishia na jiwe hajaliona. Akasema kwaheri. Mkewe, aliyekuwa huko tangu Ijumaa, alibaki mlangoni na sahani mkononi.

"Mama kasema mke wangu harudi mpaka mguu wangu ukanyage ua wake," akasema, sauti ikamshuka. "Jana nimelala na redio. Mimi bila yule mwanamke si mtu, jamani."

Tukainua vikombe. Kwetu huzuni ya mtu hupewa funda moja la kahawa, kisha kazi inaendelea.

"Si upande basi," nikamwambia.

"Pikipiki wameshaiona. Nikienda kwa basi watasema imenishinda."

"Kwani haijakushinda?" akauliza Mkurugenzi.

"Bado tunazoeana."

"Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka," akasema Mkurugenzi. "Ila na wao hawakuwahi kuliona dude lako."

Wembe akasema kiti kile kinaweza kuteremshwa, fundi yeyote anafanya. "Wewe kutwa unafupisha suruali za watu. Kiti kimoja kikushinde?"

"Nikikishusha itabaki pikipiki tu."

Mganga hajigangi. Mjadala ukawaka. Mkurugenzi alitaka mmoja wetu atangulie na kreti ya soda ya kumkanyagishia. Wembe alishauri aanguke kwa heshima, polepole, mbele ya miguu ya bibi, kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Nusura washikane mashati, simu ikalia. Kwa kuwa helmeti ilimziba masikio, Futi Tano akaiweka kwenye spika.

"Mume wangu, njoo," mkewe akasema. "Mama nimemweleza ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba miguu haifiki."

Mkurugenzi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Amecheka mpaka machozi. Halafu jana hiyo hiyo akaita mwashi. Amekujengea ngazi ya saruji hapa uani, unasogea unashuka kama mfalme."

Futi Tano akatutazama mmoja mmoja, uso umenawiri. "Nakuja sasa hivi, mke wangu. Utakaa nyuma, tutarudi wote."

"Mimi nitarudi kwa basi. Mama amewapigia dada zake wote, kila mmoja anajenga ngazi kwake. Anasema miaka yote hii alikuwa amekosa tu usafiri wa kuwatembelea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo njoo na helmeti ya pili. Mama ameshavaa viatu."